Ana Lyme, na sasa ngozi imetoka madoa mekundu: pa kuanzia kutafuta chanzo

Julai ni mwezi wa wageni hapa Bukavu. Mvua imekatika, vumbi la Kadutu limepanda hadi madirishani, na kila familia yenye mtoto Ulaya inamngojea kwa harusi au kwa kumaliza matanga. Mwaka mmoja mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Liège, Ubelgiji, alishuka kwa sherehe ya mahari ya binamu yetu. Asubuhi ya siku ya sita akanitumia picha nne kwa WhatsApp: mkono, mkono wa pili, shingo, kifundo cha mguu. Chini yake maneno manne: "Yaya, ile Lyme imerudi."

Lyme ni ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe. Miaka miwili kabla ya hapo aliumwa na kupe kwenye misitu ya Ardennes, kule Ubelgiji, akatoka doa kubwa pajani, akatibiwa, akapona. Tangu siku hiyo kila kinachojitokeza kwenye ngozi yake kina jina hilo moja. Simlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mimi ni muuguzi, na hapa kwetu hata muuguzi anaitwa muganga, kwa hiyo picha za namna hii zinanifikia nyingi. Nyingine zinatoka kwa watu ambao hawajawahi kuvuka hata daraja la Ruzizi, ila wamesoma habari za Lyme kwenye simu usiku na asubuhi wameamka nayo. Mwongozo huu ni kwa wote hao. Unaanzia kwenye kile unachokiona, halafu unarudi nyuma kutafuta kilichokileta. Haumwandikii mtu dawa. Picha ya simu nayo haijawahi kumtibu mtu.

Glasi kwanza

Chukua glasi ya kioo isiyo na rangi, hata ile ya kunywea bia ya Primus. Ikandamize ubavu wake juu ya doa na uangalie kupitia kioo. Doa likififia, kisha likarudi ukiachia, basi ni mishipa midogo ya ngozi iliyopanuka, na una muda wa kufikiri. Lisipofifia, damu imetoka ndani ya mshipa na kukaa kwenye ngozi. Hapo swali linalofuata ni moja: ana homa?

Madoa yasiyofifia pamoja na homa hayangoji asubuhi, wala hayamngoji mjomba mwenye gari amalize kikao. Yanaweza kuwa maambukizi ya damu yanayofuatana na homa ya uti wa mgongo. Yanaweza kuwa malaria iliyoshusha chembe zinazogandisha damu. Na sisi wa Kivu tumeshaishi na Ebola: mlipuko wa 2018 hadi 2020 ulianzia upande wa Beni, na Agosti 2019 ukafika hadi Mwenga, hapa Kivu Kusini. Mtu mwenye homa anayetoka damu puani au kwenye fizi usimshike kwa mikono mitupu. Pigia kituo cha afya kwanza, uwaeleze, ndipo mtoke nyumbani.

Kuna dalili nyingine zinazoharakisha safari, na hizi ni za Lyme yenyewe. Uso uliopinda upande mmoja. Shingo iliyokakamaa na kichwa kinachopasua. Moyo unaodunda ovyo, au mtu kuzimia bila sababu, kwa maana bakteria ya Lyme ikifika kwenye moyo inaweza kukata njia ya umeme unaoupigisha. Akiwa ameanza dawa mpya, angalia mdomo: vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inayouma na kuchubuka, au midomo kuvimba na pumzi kuwa fupi. Hapo dawa inaachwa na mnakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na homa yoyote hapa inapimwa malaria kwanza, hata kama mgonjwa amekuja na barua ya daktari wa Ubelgiji yenye kurasa sita.

Wekundu usioonekana mwekundu

Picha nyingi za Lyme zilizo kwenye vitabu zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. Pale doa ni jekundu kweli, na mara nyingine lina duara kama shabaha ya mshale. Kwenye ngozi yetu doa lile lile linaweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokolea, au likafanana na mtu aliyejigonga kwenye kona ya meza. Marekani imeonekana kwamba wagonjwa weusi mara nyingi zaidi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye viungo au neva, kwa sababu doa la mwanzo lilipita bila mtu kulitambua. Kwa hiyo mtu akiniambia "sina wekundu wowote", bado naangalia.

Angalia kwenye mwanga wa dirisha, usitumie balbu. Pitisha mgongo wa mkono wako juu ya doa kisha juu ya ngozi ya pembeni, usikie kama kuna joto zaidi. Linganisha upande wa kushoto na wa kulia. Zungushia ukingo wa doa kwa kalamu ya Bic, andika tarehe pembeni yake, weka kifuniko cha hiyo kalamu karibu na doa, piga picha. Kesho piga tena. Mstari huo wa Bic umenisaidia kuliko vipimo vingi vya kulipia.

Jambo moja linaharibu uchunguzi wote, nalo ni pomade. Kabla ya kuja kwa muganga, watu wengi wameshapaka kitu walichonunua kwenye depo ya dawa, na mara nyingi ni krimu yenye steroidi kali, betamethasoni au klobetasoli, zile zile ambazo wengine hupaka ili kujichubua. Krimu hizo hupunguza wekundu kwa siku chache na kufanya kila ugonjwa ufanane na mwenzake. Fangasi wa ngozi akipakwa hiyo hupoteza ukingo wake na kuenea kimya kimya. Aliyejipaka kwa miezi ngozi yake inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana usoni, anatoka vipele vyekundu kuzunguka mdomo. Nimeshaona mama mmoja aliyeogopa Lyme kwa sababu mtoto wake wa Bruxelles anayo. Chanzo cha wekundu wake kilikuwa kwenye meza ya kioo, kwenye kichupa kisicho na lebo. Ulizia hiyo kwa upole, mkiwa wawili tu, mume akiwa nje. Mbele ya watu hatasema.

Doa moja, linapanuka siku hadi siku

Hili ndilo doa lenyewe la Lyme. Linatokea pale kupe alipong'ata, kati ya siku 3 na 30 baadaye, mara nyingi baada ya wiki moja hivi. Linakua. Madaktari hutaka lizidi sentimita 5 ndipo waliite kwa jina lake, na linaweza kufika upana wa sahani ya ugali. Kwa kawaida haliumi, haliwashi sana, na ndiyo maana la mgongoni au la nyuma ya goti hupita bila kuonwa. Wengi wa wanaopata Lyme hulitoa doa hili, lakini si wote, na lile lenye duara la shabaha ni la baadhi tu. Lisipotibiwa huondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu bakteria imebaki mwilini.

Kama mgonjwa aliumwa na kupe jana au juzi na sasa ana kidoa cha ukubwa wa kifungo cha shati, hiyo ni hasira ya ngozi dhidi ya mate ya kupe. Zungushia Bic. Baada ya siku mbili tatu kitakuwa kimepungua.

Kama doa lina magamba ukingoni, linawasha, katikati pameanza kupona, na mtoto wa nyumbani ana mabaka kichwani, fikiria fangasi. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, kwa pande zote mbili: fangasi kuitwa Lyme, na kwa aliyetoka Ulaya, Lyme kupakwa dawa ya fangasi wiki tatu.

Sasa uliza alikuwa wapi mwezi uliopita. Lyme ilipata jina lake kwenye mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, Marekani, ambako mwaka 1975 kina mama waligundua kwamba watoto wengi mno wa mtaa wao walikuwa na magoti yaliyovimba. Bakteria yake ikatambuliwa miaka michache baadaye na Willy Burgdorfer, na ikaitwa Borrelia burgdorferi. Kupe anayeibeba Ulaya, Ixodes ricinus, anapenda misitu yenye unyevu na baridi ya kule. Hapa kwetu hayupo. Aliyetembea Ardennes wiki mbili zilizopita na sasa ana doa linalopanuka, aonwe na daktari akiwa na wazo la Lyme mkononi. Asingoje kipimo cha damu, maana wiki za mwanzo kingamwili huwa bado hazijatosha kuonekana, na jibu la "hana" halimaanishi chochote. Doa na safari vinatosha kuanza dawa, kwa kawaida doksisaiklini au amoksilini kwa wiki mbili hivi. Aliyeshinda mwaka mzima kati ya Bagira na Walungu akienda kwa ng'ombe za baba yake ana habari nyingine, tutaifikia.

Na kwa yule aliyeshatibiwa: Lyme ya ngozi iliyotibiwa vizuri haina tabia ya kulala miaka miwili kisha kutoka doa jipya. Likitokea doa jipya linalopanuka, karibu kila mara ni kupe mpya. Kwa hiyo badala ya kuuliza "imerudi?", uliza "nilikwenda msituni lini?"

Duara nyingi mwilini

Bakteria ikisambaa kwenye damu, madoa ya Lyme yanaweza kutoka mengi, mbali na pale alipong'ata kupe, majuma machache baadaye, pamoja na homa, uchovu na maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo. Kila doa hukaa siku nyingi mahali pake.

Neno hilo la kukaa ndilo la kupima. Zungushia matatu kwa Bic. Kesho asubuhi kama yameondoka na mengine yametokea pengine, huo ni mzio wa ngozi wa kawaida, ule wa kuvimba na kuwasha, na uulize alikula nini, alimeza nini, ameminywa na nguo gani. Lyme haihami kwa saa.

Kama madoa yako pia kwenye viganja na nyayo, hayawashi, na mtu ana tezi zilizovimba, omba kipimo cha kaswende. Najua ni swali gumu kumuuliza shemeji aliyetoka Ulaya. Liulize. Kaswende ya hatua ya pili inatibika kwa sindano ya penisilini, na bakteria yake ni jamaa wa ile ya Lyme, zote ni za umbo la mzunguko kama kifungulio cha divai, kiasi kwamba kipimo cha Lyme kinaweza kutoa jibu chanya la uongo kwa mtu mwenye kaswende. Mtu huyo atabeba jina la Lyme miaka yote huku ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Kidonda cheusi katikati, wekundu pembeni

Hii sasa ni yetu. Mtu ametoka malishoni, labda Masisi alikokwenda kununua ng'ombe na kurudi na mabulungutu ya jibini, na baada ya wiki hivi ana homa, kichwa kinamuuma, misuli imekaza, tezi za kinena zimevimba. Mguuni ana kidonda kidogo kikavu cheusi, kama mtu amezima sigara juu ya ngozi, kimezungukwa na wekundu. Mara nyingi viko viwili au vitatu. Wengine hutoka na vipele vichache mwilini.

Hiyo ni homa ya kupe ya Kiafrika, ya bakteria Rickettsia africae. Anayeibeba ni kupe wa ng'ombe wa kundi la Amblyomma, yule mkubwa ambaye dume lake lina rangi za kung'aa mgongoni. Yeye hamsubiri mtu ajisahau, humfuata. Daktari kwa kawaida huitibu kwa doksisaiklini, na nafuu huja upesi. Wageni wa Ulaya hurudi kwao nayo, na kule daktari akisikia "kupe" anaandika Lyme. Atafute kidonda cheusi kwanza. Kinaweza kujificha kwenye mstari wa chupi, nyuma ya goti, kwapani au kwenye nywele.

Tukiwa kwenye kupe wa kwetu: yupo pia papasi, kupe laini anayeishi kwenye nyufa za nyumba za udongo, anayekunywa damu usiku kwa muda mfupi na kurudi ufa wake kabla hujageuka kitandani. Analeta homa inayokuja, inaondoka, inarudi. Bakteria yake ni Borrelia duttonii, binamu wa damu wa ile ya Lyme. Daktari Joseph Everett Dutton, ambaye jina lake liko kwenye hiyo bakteria, alifia Kasongo, Maniema, mwaka 1905 akiwa anaichunguza homa hiyo, na yeye mwenyewe ilimpata. Homa ya papasi hutafutwa kwenye tone la damu chini ya darubini wakati joto limepanda. Mpimaji anayetafuta malaria anaweza kuiona kama amezoea kutazama pembeni pia.

Nukta kama kichwa cha pini

Malalamiko haya nayapata zaidi kutoka kwa watu wenye Lyme ya muda mrefu. "Nina nukta nyekundu tumboni na kifuani, hazikuwapo zamani." Mara nyingi ni vinundu vidogo vya mishipa ya damu, vya mviringo, vyekundu kama cheri, vimeinuka kidogo ukivigusa. Huanza kutokea baada ya umri wa miaka 30 na huongezeka na umri, kwa watu wenye Lyme na wasiokuwa nayo. Havifiki mahali, haviumi, havitaki dawa. Kioo hakivifuti vyote, ndiyo maana hapa glasi peke yake inatisha watu bure. Kinachovitambulisha ni kukaa kwao: nukta ile ile, mahali pale pale, mwaka hadi mwaka.

Nukta bapa kabisa, zilizotokea ghafla, nyingi, kwenye miguu hasa, zisizofifia, ni damu chini ya ngozi. Hata bila homa, mtu apimwe damu na zihesabiwe chembe zinazogandisha. Kupe wa Ulaya na Marekani wanaweza kumpa mtu maradhi mengine pamoja na Lyme, kama babesia na anaplasma, ambayo hushusha chembe hizo. Malaria nayo inazishusha, na hapa ndiyo ya kushukiwa mwanzo. Zikiwa kuzunguka macho tu kwa mtu aliyetapika au kukohoa usiku kucha, ni nguvu za kutapika zilizopasua mishipa midogo, zinapona zenyewe.

Kuna mistari pia. Watu wanasoma kwamba mistari myekundu kiunoni au mapajani ni alama ya bakteria iitwayo Bartonella iliyokuja na kupe. Ushahidi wa hilo ni dhaifu, na mimi siwezi kumtibu mtu miezi sita kwa ushahidi wa namna hiyo. Ngozi iliyonyooshwa na unene, mimba, kukua haraka kwa kijana au krimu ya steroidi hutoa mistari hiyo hiyo.

Yalitokea baada ya kuanza dawa

Hesabu saa na siku. Ndani ya saa 24 za kwanza za dawa ya Lyme, mgonjwa anaweza kutetemeka, homa ikapanda, na doa alilokuwa nalo likakolea. Bakteria zinakufa kwa wingi na mwili unapiga kelele. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja, na dawa haiachwi. Kwenye homa ya papasi jambo hili huwa kali zaidi, ndiyo maana dozi ya kwanza ni bora imezwe mbele ya muganga.

Vipele vinavyotokea siku ya saba hadi ya kumi, vingi, vidogo, vikianzia kifuani na mgongoni pande zote sawa, huwa ni mzio wa dawa, na amoksilini inajulikana kwa hilo. Aliyemwandikia ndiye aamue kama dawa inabadilishwa. Sulfa, yaani Bactrim na Fansidar, ndizo za kuogopwa kuleta ule mchubuko wa mdomo na ngozi niliousema mwanzo.

Doksisaiklini ina lake peke yake: inafanya ngozi iungue na jua kwa urahisi. Mtu wa Liège akiimeza Februari hajui. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Upepo wa ziwa unakudanganya kwamba kuna baridi huku jua linakuchoma. Ngozi nyeusi pia inaungua. Inakuwa nyeusi zaidi, inawaka, inauma ikiguswa, kisha inachubuka. Alama yake ni mpaka: wekundu unakoma ghafla pale nguo inapoanzia.

Yanawasha usiku

Hapa napita haraka, kwa sababu wengi mnajua. Matatu kwa mstari kwenye ngozi iliyokuwa nje ya shuka, kunguni. Katikati ya vidole, viwiko, kiunoni na sehemu za siri, nyumba nzima inajikuna, buheri, yaani upele wa kuambukizana, na mnatibiwa wote siku moja au hamjatibiwa. Vifundo vya miguu, viroboto. Mchirizi unaowaka kama maji ya moto, ulioamka nao shingoni, ni yule mdudu mwembamba wa rangi ya machungwa na nyeusi uliyemponda usingizini. Jipu lenye tundu dogo katikati, na mgonjwa anaapa kwamba kitu kinacheza ndani, ni funza wa inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa kwenye majani. Pigeni pasi nguo zote, na mishono zaidi.

Mpox siipiti haraka. Aina yake mpya ilitambuliwa Kamituga, hapa Kivu Kusini, mwaka 2023, kabla dunia haijatangaza dharura Agosti 2024. Huanza kama doa bapa, linainuka, linajaa maji, kisha usaha, na mara nyingi lina shimo katikati. Tezi zinavimba. Doa la Lyme halijai maji ya namna hiyo. Ukiwa na shaka, mgonjwa alale peke yake na kituo cha afya kijulishwe.

Sikio la mtoto, mkono wa bibi

Mambo mawili ya Lyme ya Ulaya ambayo hata madaktari wa kwetu hawana sababu ya kuyaona mara nyingi. Kwa mtoto, kivimbe laini cha rangi ya zambarau kwenye ndewe ya sikio, kwa mtu mzima kwenye chuchu, kikikaa wiki nyingi bila kuuma. Kwa mzee, hasa mwanamke, mgongo wa mkono au wa mguu wa upande mmoja kuwa wa rangi ya damu ya mzee, kuvimba, kisha baada ya miaka ngozi kuwa nyembamba na kukunjamana kama karatasi ya kuviringia tumbaku. Watoto wake wanasema "ni damu haitembei, ni uzee". Bibi aliyeishi miaka 20 Ubelgiji akilima bustani pembezoni mwa msitu na kurudi kuzeeka Nguba, mkono wake wa namna hiyo unastahili barua kwa daktari wa ngozi. Hata wakati huo inatibika kwa antibiotiki.

Karatasi ya maabara inasema "chanya"

Kingamwili za Lyme hubaki miaka mingi baada ya kupona. Karatasi ya mwaka huu yenye "chanya" inasema kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria hiyo, haisemi ni lini. Kwa aliyeshatibiwa, kurudia kipimo kila anapotoka kipele ni kujitafutia usingizi uliopotea. Kwa ambaye hajawahi kutoka Kivu, jibu chanya linaweza kuwa la papasi au la kaswende, na hivyo ndivyo vya kufuatilia.

Ukienda kwa daktari, nenda na karatasi moja: lini kupe, nchi gani na mahali gani, lini doa, dawa zote ulizomeza na ulizopaka pamoja na za kienyeji, na picha za mstari wa Bic. Picha zisizidi sita. Mia mbili hakuna atakayezitazama.

Mdogo wangu nilimwita nyumbani. Nilimweka karibu na dirisha, nikakandamiza glasi: mikono ilififia. Homa hana, malaria hana. Doa lolote linalopanuka, hakuna. Msituni hajaenda tangu mwaka ule. Nikauliza dawa.

"Sinywi dawa yoyote, Yaya. Ile ya kuzuia malaria tu."

"Ipi?"

Akatoa paketi kwenye mkoba. Doksisaiklini, kidonge kimoja kila siku, aliyopewa kabla ya safari. Na siku mbili kabla ya picha alikuwa kwenye boti ya kisiwa cha Idjwi, amekaa juu, mikono wazi, saa nzima za mchana. Nikamwambia avue saa ya mkononi. Chini ya mkanda palikuwa na utepe wa ngozi safi, rangi yake ya siku zote, na pande zote mbili wekundu ulikatika kama umekatwa na rula. Daktari akambadilishia dawa ya kinga, mimi nikamkatalia boti bila kitenge cha mikono mirefu, na wiki iliyofuata mikono na shingo vilikuwa vinabambuka.

Kifundo cha mguu hakikuingia kwenye hesabu hiyo, maana alikuwa amevaa soksi. Madoa matatu, yanawasha. Mama mkubwa ana paka.